Chumvi Mwishoni

Saa kumi na dakika kumi jioni, tarehe kumi na nane Novemba, kipimajoto kilichokuwa nje ya dirisha kilionyesha nyuzi kumi na sita chini ya sifuri. Giza lilikuwa limeshaingia, kama ilivyo majira ya baridi kaskazini mwa China. Ndani, mzee Qu Dianchen aliweka mezani jozi mbili za vijiti vya kulia. Akazitazama. Akarudisha jozi moja kwenye kopo lake.

Mkewe, Yuqin, alikuwa amefariki mwezi wa Juni.

Dianchen alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa. Alikuwa amekata miti msituni kwa miaka thelathini, lakini hakuwahi kupika. Kazi yake ya jikoni ilikuwa moja tu, nayo ilikuja mara moja kwa mwaka: kuchachusha kabichi. Alizipanga kwenye mtungi, akazinyunyizia chumvi nyingi, akazigandamiza kwa jiwe. Kwa kazi hiyo majirani walimsifu.

Mwaka huu pia alinunua kabichi sitini za majira ya baridi, kama kila mwaka. Alipomaliza kuzipanga ukumbini ndipo alipokumbuka kwamba mlaji sasa ni mmoja.

Tangu Juni alikuwa akila mikate ya mvuke ya dukani na kabichi iliyochachuka, basi. Asubuhi ile muuguzi wa zahanati alimpima. Kilo hamsini na mbili. Kabla ya msiba zilikuwa sitini na moja. Mchana binti yake Yanling, anayeishi Dalian, akapiga simu.

"Baba, usinifiche. Nesi ameshaniambia."

"Nesi huyo ana domo."

"Tarehe ishirini Desemba unapimwa tena. Usipofika hamsini na tano, nakuja kukuchukua. Nyumba tutaifunga."

"Huko kwako, ghorofa ya kumi na tisa, nitamjua nani?"

"Na hapo unaongea na nani?"

Dianchen aliaga, akaweka simu chini.

Ndiyo maana jioni ile aliwasha jiko. Alikata nyama ya nguruwe vipande vinene, kisha akakata kabichi juu ya ubao uleule. Akaitia kabichi chumvi kiganja kizima, kwa mkono uliozoea. Akamimina vyote pamoja kwenye karai, akafunika.

Jirani yake, bibi Luan Guizhi, aliingia kurudisha koleo la theluji. Alikuwa amepikia wakata miti kwa miaka ishirini na miwili. Hakusubiri kukaribishwa, alifunua karai.

"Kaka Qu, hapa unapika au unafua soksi?"

"Ni kabichi ya kukaanga kwa nyama."

"Mbona inaogelea?" Alionja kwa ncha ya kijiko, akakunja uso. "Chumvi umetia saa ngapi?"

"Mwanzo. Chumvi si hutiwa mwanzo, shemeji?"

"Kwenye mtungi, ndiyo. Kule unataka kabichi itoe maji. Hapa unataka maji yake yabaki ndani. Lete kabichi nyingine. Si unazo kama jeshi?"

Dianchen alileta. Kipande cha nyama kilichobaki Guizhi alikiweka nje, kwenye ukingo wa dirisha.

"Iache dakika ishirini ikaze kwa baridi. Nyama laini inakimbia kisu. Sasa osha mikono, kisu na ubao, kwa maji ya moto na sabuni. Nyama mbichi ina vijidudu. Kuanzia leo mboga inakatwa kwanza, nyama baadaye."

"Basi shika kisu unionyeshe."

"Shika wewe. Mimi kwangu nilishapika."

Dianchen alikata. Mashina aliyakata mshazari, membamba. Majani aliyachana kwa mkono na kuyaweka kando. Kisha akakata nyama kwa kukatisha nyuzi zake, nyembamba kiasi cha kuona kivuli cha kisu. Akaichanganya na sosi ya soya na kijiko kidogo cha wanga wa viazi.

"Wanga wa nini?"

"Koti la nyama. Wewe unatoka nje bila koti?"

Karai likamwagwa na kuoshwa, kisha likawekwa motoni tupu mpaka likafuka moshi mwembamba. Mafuta yakafuata, kisha nyama. Guizhi alimzuia kufunika. Nyama ilipopoteza wekundu wote, ndani na nje, ikaja tangawizi, vitunguu vya majani na pilipili kavu moja. Kisha mashina, dakika moja. Kisha majani, nusu dakika. Siki kidogo ilipitishwa ukingoni mwa karai, ikachemka kwa kelele.

"Sasa chumvi," Guizhi alisema. "Vidole viwili, si kiganja. Zima moto."

Tangu karai kupata moto hazikupita dakika sita. Alipopakua, ndani ya sahani hapakuwa na maji.

"Kaa tule, shemeji."

"Wajukuu wananingoja. Kula ikiwa ya moto."

Mlango ulifungwa. Dianchen alikula sahani nzima. Ladha haikuwa ya Yuqin, lakini mashina yalilia kati ya meno kama ya kwake.

Alipika hivyo kesho yake, na keshokutwa. Siku ya tisa hakulazimika tena kutazama saa.

Tarehe ishirini Desemba muuguzi alisoma mzani mara mbili. Kilo hamsini na tano na gramu mia mbili. Jioni Yanling alipiga simu ya video. Dianchen alielekeza simu kwenye sahani.

"Umeikata mshazari," Yanling alisema.

"Ndivyo inavyokatwa."

"Mama alikuwa akikata hivyo."

Dianchen aliisogeza simu karibu zaidi na sahani.

"Sawa, Baba," Yanling alisema mwishowe. "Baki."

Simu ilikatika. Ukumbini zilikuwa zimebaki kabichi arobaini na nne. Dianchen alinyoosha mkono kwenye kopo, akatoa jozi moja ya vijiti.