Pumzi za Watu Wawili

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika, kila mtu akidai yeye ndiye aliyetangulia. Mbele ya kaunta alisimama mwanamke mwenye gauni la samawati na kitambaa cha manjano kichwani, pini za kushonea zimechomekwa kwenye ukosi kama mtu aliyetoka kazini mbio. Alikuwa amekumbatia utepe wa gundi wa kuzibia madirisha, roli juu ya roli, mpaka kidevu kilizishikilia za juu zisianguke. Nyuma yake alisimama mwanamume aliyekuja kununua betri, amevaa ovaroli ya kijivu iliyopigwa pasi ikanyooka. Ni nani hupiga pasi ovaroli? Tutalijua hilo baadaye.

Mwanamke akakohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu cha kifuani, na roli moja ikamponyoka ikabingirika hadi kwenye viatu vya mwanamume yule.

"Dada, unaziba panya au unaziba upepo?" mwanamume akauliza, akiiokota.

"Vyote viwili," mwanamke akajibu bila kugeuka. "Na wangekuwa wanauza cha kuzibia midomo ya watu wa foleni, ningechukua pia."

Foleni nzima ikacheka, na mwanamume akacheka kuliko wote. Alipomrudishia roli yake alimwambia, sasa bila mzaha, kwamba kikohozi kile anakijua. Hakikutoka barabarani. Kilikuwa ndani ya nyumba, na mwanamke alikuwa anazidi kukifungia mlango.

Hapo mwanamke aligeuka. Akamtazama kuanzia viatu hadi nywele, akamuuliza kama yeye ni daktari. Mwanamume akasema la, daktari huwapima watu, yeye hupima wanamolala. Kazi yake ilikuwa kupima hewa ya ndani katika nyumba kuukuu: unyevu wa kuta, ukungu, vumbi la rangi za zamani, na ile hewa nzito inayobaki chumbani baada ya mtu kuipumua na kuipumua tena. Kazini walimwita Pua. Mwanamke alitaka kutabasamu akajizuia, lakini namba ya simu aliichukua.

Mwanamke mwenyewe alikuwa mshona mapazia. Nusu ya madirisha ya mji yalivaa kazi ya mikono yake, ila ya kwake hayakuwa na pazia hata moja, kwa sababu hayakuwa yakifunguliwa. Aliishi peke yake katika nyumba ya marehemu mama yake, nyumba ya kuta nene mwisho wa mtaa, yenye madirisha ya mbao yaliyobanduka rangi. Pua alipofika huko kwa kazi na kuona kila ufa umezibwa kwa gundi, aliuliza sababu. Mwanamke akasema vumbi la nje linaharibu vitambaa.

Ulikuwa uongo, na sisi tuujue. Mama alipofariki mwaka uliopita, harufu yake ilibaki: mafuta ya nywele na sabuni ya kipande, kwenye kabati, kwenye godoro, kwenye kuta zenyewe. Binti yake aliamini kwamba siku atakayofungua dirisha, mama ataondoka mara ya pili, na safari hii moja kwa moja. Hakumwambia mtu, hata shangazi yake. Aliziba, akakohoa, akaendelea kuziba.

Pua alipita chumba hadi chumba akigongagonga kuta na kusogeza makabati. Mwisho alitoa mashine yake, kitu cha ukubwa wa tofali chenye taa ndogo ya kijani na feni ndani yake, akaiweka juu ya kigoda katikati ya chumba cha kulala, mbali na kitanda. Itakaa hapo wiki nzima, alisema, ikichora mstari: mtu akilala chumbani mstari unapanda, akitoka unashuka. Isiguswe wala isihamishwe.

"Ichukulie kama mgeni," alisema.

"Mgeni asiyekula wala asiyesema?"

"Ndiye mgeni mzuri kuliko wote."

Kwa nini isihamishwe, hakueleza. Watu wa kazi fulani hudhani wanalolijua wao linajulikana na kila mtu.

Wiki ile simu zilianza. Siku ya kwanza mwanamke alipiga kuuliza kama taa ya kijani ikikonyeza kuna ubaya. Hakukuwa na ubaya. Siku ya pili Pua alipiga kuuliza kama taa bado inakonyeza. Siku ya tatu hakuna aliyejisumbua kuitaja taa. Walizungumza juu ya wateja: yule bibi aliyetaka mapazia ya zambarau ili jirani aumie roho, na yule mzee aliyekataa kupimiwa nyumba kwa hofu kwamba mashine itamwambia mkewe anavuta sigara msalani. Mwanamume aliitwa Bwana Pua, na mwanamke akaitwa mpenzi, kisha mpenzi wangu, bila mmoja wao kukumbuka ni lini hasa neno lilibadilika. Jioni moja walikutana wakatembea barabara nzima ya maduka wakikosoa madirisha ya watu, mwanamke mapazia, mwenzake nyufa. Mikono yao ilishikana wakati wa kuvuka njia, na walipofika ng'ambo haikuachana.

Jambo moja tu lilimkera Pua. Kila usiku ulipoanza, mpenzi wake alikata simu upesi. Nimechoka, alisema. Kweli yenyewe ni kwamba akilala tu kifua kilianza, naye hakutaka kusikika akikohoa kama injini mbovu.

Wiki ilipokwisha Pua aliichukua mashine juu ya kigoda chake, pale pale alipoiacha, akaenda nayo ofisini akipiga mluzi. Akaufungua mstari kwenye kompyuta. Mluzi ukakatika.

Mtu mmoja akilala peke yake katika chumba kama kile, mstari hufika katikati ya kioo. Huu ulipanda kila usiku hadi juu kabisa, ukakaa huko, ukashuka asubuhi. Alitazama mistari ya nyumba alizowahi kupima. Palipokuwa na mstari kama ule palilala mke na mume.

Ungekuwa wewe ungeuliza kwa upole. Lakini Pua aliwahi kuwa na mke, na siku moja alirudi nyumbani mapema akakuta viatu vya kiume visivyo vyake mlangoni. Tangu siku hiyo aliamini vitu kuliko watu, maana viatu havikumdanganya. Akapiga simu.

"Uliniambia unaishi peke yako," alisema.

"Ndiyo. Kwani nini?"

"Chumbani kwako wanalala wawili."

"Nani kakwambia?"

"Mashine. Mashine haina sababu ya kusema uongo."

Mwanamke alihisi uso unawaka. Alijua mara moja kilichotokea, na ndiyo maana hakuweza kukisema. Angeanzaje, mtu mzima mwenye akili zake? Aibu ilimkaba, na aibu ikikosa pa kutokea hutoka kama hasira.

"Kama mashine ndiyo unayoiamini," alisema, "basi ioe."

Akakata. Pua akakaa na simu mkononi. Hakukana, alijiambia. Angekuwa hana kosa angekana. Ripoti alimpelekea kwa mkono wa mtu mwingine wa ofisini: ukungu nyuma ya kabati, hewa haitembei, madirisha yafunguliwe bila kuchelewa. Kila neno lilikuwa kweli, na halikumsaidia mtu yeyote.

Hasira hasara, wasemao husema, na hasara hiyo waligawana sawasawa. Mwanamke alishona mapazia ya maharusi, meupe, marefu, akiyakunja kwa uangalifu wa mtu anayekunja vitu vya wengine. Kile kigoda kilibaki katikati ya chumba. Kila akiamka alijigonga nacho goti, na hakukiondoa. Shangazi alipopiga simu kumjulia hali aliuliza yuko wapi yule mwenye pua, akaambiwa kazi zimembana.

"Mapenzi ni kikohozi, mwanangu, hayafichiki," shangazi akasema. "Na wewe vyote viwili navisikia humu kwenye simu."

Upande wa pili wa mji, Pua alikula chakula chake akiwa amesimama kando ya sinki. Alipokwisha kuosha sahani yake na kijiko chake, alitandika blanketi mezani akapiga pasi ovaroli. Ndiyo maana ilinyooka vile. Hakuwa na kingine cha kufanya wala wa kumwambia kwamba hana.

Kilichomtesa zaidi ni kwamba alikuwa na hamu na mtu ambaye alishamhukumu. Akaanza kuitafutia mashine makosa. Labda imeharibika. Akaibeba hadi nyumbani kwake, akaiweka katikati ya chumba, mbali na kitanda, akalala. Asubuhi mstari ulikuwa katikati ya kioo: mtu mmoja. Mashine ilikuwa nzima, na moyo wake ukazidi kushuka.

Jioni iliyofuata aliivuta karibu na sahani yake mezani. Hakujua kwa nini. Ile feni ndogo ilikuwa na mngurumo wa chini, taratibu, kama mtu anayepumua chumba cha pili. Alikula amekaa. Akajikuta anaieleza habari za siku ile, mlango gani uligoma kufunguka, bosi alisema nini. Usingizi ukampitia pale pale, kichwa juu ya mkono, uso mbele ya mashine.

Alipoamka kumekucha aliutazama mstari. Ulikuwa umepanda hadi juu kabisa. Mashine ilisema chumbani mwake walilala wawili.

Pua akageuka, kweli kabisa, akatazama nyuma kama kuna mtu. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na mpweke mmoja aliyelala akiipumulia mashine usoni. Akaketi tena, akajishika kichwa. Alikuwa amefundisha wenzake kazini kwamba ile mashine ikikaribiana na pumzi za mtu inapiga chuku, na hakuwahi hata siku moja kufikiri kwamba mtu angeweza kuichukua akalala nayo. Sasa alijua, kwa sababu alikuwa amefanya vivyo hivyo.

Hakupiga pasi chochote. Alifika mwisho wa mtaa ule na shati lililokunjamana, mashine kwapani. Mwanamke alifungua mlango pini zikiwa mdomoni.

"Umekuja kupima tena?" alisema kwa meno yaliyoumana.

"Nimekuja kuuliza swali nililotakiwa kuuliza mwanzo. Ulikuwa unailaza wapi?"

Alizitoa pini moja moja akizichoma kwenye ukosi. Zilipokwisha hakuwa na pa kujificha.

"Kwenye mto," alisema. "Upande wa mama. Asubuhi nairudisha kwenye kigoda."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niseme nini, Bwana Pua? Kwamba nimelala na tofali? Ilikuwa inakoroma. Kidogo tu, kama yeye. Tangu aondoke hakuna kilichokoroma katika nyumba hii."

Pua aliiweka mashine chini. Alisema amemkosea, kwamba aliamini mstari akamwacha mwenye pumzi. Kisha akamweleza ya meza na sahani, na kwamba kwake pia mashine ilihesabu watu wawili. Mwanamke akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kilichukua muda mrefu kupita. Pua alimshika mabega mpaka kikaisha.

"Imesema wawili kwako, imesema wawili kwangu," alisema, "na kote imesema uongo. Nimeishi kwa kuitegemea mashine hii. Nikuoe, mpenzi wangu, iache kuwa mwongo."

Mwanamke alimwongoza hadi chumba cha kulala, akasimama mbele ya dirisha lililozibwa.

"Najua utaniambia nifungue."

"Hewa hii inakuumiza. Hapo mashine haikukosea. Lakini mkono wangu hauligusi dirisha hili."

Ndipo mwanamke alipomwambia, na lilikuwa neno ambalo hakuwahi kulitamka. Kwamba mama bado yumo. Kwamba upepo ukiingia utamtoa, na baada ya hapo hakuna atakayejua aliwahi kunukia vipi. Alisema huku akitazama sakafu, akingoja kuchekwa.

Pua alifumba macho, akavuta hewa taratibu, kama afanyavyo kazini.

"Mafuta ya nywele," alisema. "Na sabuni ya kipande, ile ya kufulia. Alikuwa anaweka vipande vyake kabatini, katikati ya nguo."

Mwanamke alijishika mdomo. Mwaka mzima alikuwa peke yake na harufu ile, kiasi cha kuanza kudhani anaitunga mwenyewe. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Vuta tena," alisema. "Vuta sana, uikumbuke. Nikisahau utanikumbusha."

Pua akavuta tena, na mwanamke akavuta pamoja naye, kwa kifua kile kile kibovu. Kisha kwa mkono wake mwenyewe akaushika utepe kwenye kona, akaubandua mpaka mwisho. Mbao zilikataa kidogo, zikalia, zikaachia. Upepo uliingia na kelele za mtaa, baiskeli na watoto na mtu anayebishana bei, ukapita juu ya kitanda, ukazunguka kabati, ukatoka. Walisimama mkono kwa mkono wakiisikia harufu ikipungua mpaka ilipokwisha.

Mwanamke alijifuta uso kwa kitambaa cha manjano. Alitoa futi ya kushonea mfukoni, akampa Pua ncha moja aishikilie, akapima upana wa dirisha.

"Hili litataka pazia," alisema. "Wewe unapenda kuamkia rangi gani?"