Sauti Ndani ya Tepurekoda

Rafiki yangu ni fundi redio, na si mtu wa kuzusha. Hata redio yake ikiwa mbovu, atakwambia ni mbovu.

Alasiri moja mama mmoja alimletea tepurekoda ya umeme aliyorudi nayo kutoka ng'ambo, alikomzika binti yake mdogo miaka mingi nyuma. Mtoto alirekodiwa humo akiimba, mwalimu wake akimpigia piano.

Fundi aliichomeka kwenye transfoma, isije ikaungua kwa volti za huku. Katika chumba chake cha nyuma, kisicho na dirisha, piano ilijikokota, na sauti ikatoka nzito, ya mwanamke mtu mzima.

Mama akajishika kifua. "Amekua, fundi. Sasa hivi angekuwa hivi."

"Hapana, mama. Transfoma inashusha volti tu. Umeme wa huku unazungusha mota taratibu kuliko wa kule, ndiyo maana sauti inazama. Ngoja nibadilishe puli ya mota, kanda iende kasi yake."

Akabadilisha, akawasha. Piano ikachangamka, ikawa sawasawa kama ilivyopigwa.

"Haya, msikilize mwanao."

Wakasubiri katika kile kigiza. Mwanamke yule yule mtu mzima akavuta pumzi, akaanza kuimba.