Simiti Ndani ya Bomba

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2003, saa kumi na mbili asubuhi, Selpher alishuka kitandani akakanyaga kinyesi. Maji taka yalikuwa yakifurika kutoka chooni, yamejaa sebule yote. Gauni la harusi la Ivyne, mteja wake aliyekuwa akiolewa saa nane mchana huohuo, lilikuwa limeanguka likalowa hadi kifuani.

Selpher alikuwa fundi cherehani. Alikuwa amepanga nyumba hiyo ya chini, kwenye fleti za mtaa wa Jamhuri, Nairobi, zilizopakana na mto, kwa miaka tisa.

"Ni Kinyanjui!" majirani walifoka. Kinyanjui wa ghorofa ya pili aliuza matumbo kutoka machinjio ya Dagoretti, na kila mtu aliamini alimwaga mafuta kwenye sinki.

"Ngojeni tuone," Selpher alisema.

Saa tatu, fundi wa mabomba, Mukonyo, alifunguliwa kufuli la shimo la maji taka. Hakutoa mafuta. Alitoa bonge la simiti, la mviringo kama bomba lenyewe.

"Hii imewekwa na mtu," alisema. "Na ilikauka bila kuguswa na maji. Maji yangepita, isingeshika."

Selpher alikumbuka: jana mifereji ilikauka tangu saa nane mchana, maji yakarudi alfajiri, watu wakaanza kuoga. Alimgeukia Zedekiah, mtunza ploti, aliyekuwa na ufunguo wa kufuli.

"Zedekiah, nani alifunga maji?"

"Mimi. Lakini mzee mwenye nyumba ndiye alisema, ati anakuja kuosha tangi. Alikuja saa kumi, peke yake, akanituma Dagoretti nyama. Nikarudi saa kumi na mbili, ameenda. Nilifungua maji alfajiri vile alisema, nikarudi kulala. Ufunguo mwingine wa hilo shimo ako nao."

"Na hilo tangi lilioshwa?"

Walipanda juu kuangalia. Utando wa kijani ndani ya tangi ulikuwa palepale, mzito kama blanketi.

Saa tano, Mzee Karanja, mwenye nyumba, aliwasili kutoka kwake Kitisuru na barua mkononi.

"Poleni sana. Kwa sababu ya haya maji taka, itabidi mhame kufikia Jumatatu. Ni afya yenu nafikiria."

Barua zilikuwa zimepigwa chapa, kila moja na jina la mpangaji.

"Nani amekuambia kuna maji taka, mzee?" Selpher aliuliza.

"Zedekiah alinipigia asubuhi."

Zedekiah alitoa simu mfukoni. Maji meusi yalichuruzika. "Hii ilizama nikiwa bado nimelala. Sijapigia mtu."

Mukonyo aliliweka lile bonge miguuni pa Karanja. Mzee alilitazama, kisha akapasuka kwa hasira.

"Mlinipeleka kortini mkanishinda! Siwezi kuwatoa, siwezi kuuza! Mnunuzi anataka nyumba ikiwa tupu. Ningefanya nini na mali yangu mwenyewe?"

"Ungekuja kwa mlango ukaongea na sisi kama watu!" Selpher alimkaripia. "Badala yake umetulaza kwa choo. Huyo Ivyne ataolewa amevaa nini leo?"

Karanja aligeuka aondoke. Kinyanjui alikuwa tayari amesimama mbele ya gari la mzee.

Saa saba, katika kituo cha polisi, askari aliyekuwa akiandika taarifa ya Selpher aliziba pua kwa harufu yake, akasogeza kiti nyuma.

Selpher alisogeza chake mbele.

"Vumilia, afande. Andika pole pole, usiruke hata neno."

Naye hakuondoka hapo mpaka aliposomewa taarifa yote.