Mjomba Anahodisha

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kamusi alikuwa na kazi moja: kupanga mikate kwenye rafu kabla mama yake hajafungua dirisha la duka. Bekari yao haikuwa kubwa. Nyuma kulikuwa na chumba cha kukandia unga, katikati palikuwa na oveni, na mbele kulikuwa na duka lenye dirisha pana linalotazama barabara. Mama aliuza. Mjomba, kaka yake mama, alioka. Kamusi alipanga mikate, na huku akipanga, mdomo haukutulia.

Kamusi si jina alilopewa na wazazi wake. Wanafunzi wenzake ndio waliomwita hivyo kwa sababu alipenda mno kutunga maneno. Akikuta jambo lisilo na jina, hakuwa na raha mpaka alipe jina. Soksi iliyobaki peke yake baada ya mwenzake kupotea, aliiita soksijane. Mtu anayeitikia "nakuja, nakuja!" naye bado kajifunika shuka gubigubi, alikuwa anafanya unakujalala. Kuingia chumbani mbiombio, kisha ukasimama katikati ukijikuna kichwa kwa kusahau ulichofuata, huko kuliitwa kusimasahau. Na yule aliyenuna lakini amechekeshwa, midomo ikimchezacheza, alikuwa ameshikwa na mnunocheko.

Maneno hayo yalipendwa. Hata mwalimu wa hesabu alisikika ofisini akilalamika kwamba siku hizi anasimasahau kupita kiasi. Mtoto akisifiwa namna hiyo kichwa huvimba, na cha Kamusi kilivimba sawasawa.

Sasa, Mjomba naye alikuwa na mazoea yake. Mikate ikitoka kwenye oveni, aliushika mmoja kwa kitambaa kizito, akaupindua, akaugonga kitako kwa kidole, ko ko ko, kisha akauinamishia sikio. Hapo hakutaka mtu aseme neno. Mkate mmoja aliuweka mezani, mwingine aliurudisha motoni. Kwa nini? Kamusi hakuwahi kuuliza. Yeye aliona tu mtu mzima, kitambi na aproni yake, anabisha hodi kwenye mkate kana kwamba kuna wenyeji ndani.

"Mjomba anahodisha!" alipiga kelele asubuhi moja, akacheka mpaka akashikilia rafu.

"Nafanya nini?" Mjomba aliuliza.

"Unahodisha. Ni kubisha hodi kwenye mkate, halafu unasubiri uambiwe karibu."

Mama alicheka. Mjomba naye alicheka, kitambi kikimtikisika. "Mtoto wewe," alisema, "huo mdomo wako ungefungwa breki."

Wakati wa mapumziko neno lilikuwa limeshafika darasani. Jioni lilikuwa mtaani. Kesho yake wanafunzi waliokuja kununua mkate walijazana dirishani, wakapaza sauti, "Mjomba, umehodisha? Wenyewe wapo?" Na mmoja wao, akibana pua, alijibu kwa sauti ya mkate, "Tupo, subiri tunavaa!" Watu walivunjika mbavu. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, mtu mwenye mvi zake na wajukuu, naye hakubaki nyuma. Kila akipita alibisha kwenye fremu ya dirisha na kuuliza kama mikate imelala salama.

Siku ya kwanza Mjomba aliwajibu kwa utani. Baadaye alijibu kwa kutabasamu tu. Baada ya hapo akawa anaipa barabara mgongo na kugonga mikate harakaharaka. Asubuhi moja alishika mkate, akainua kidole, akasikia kicheko kikibanwa dirishani. Akakishusha kidole, akauweka mkate mezani bila kuugonga, kama mtu aliyefumaniwa. Tangu hapo alitazama saa ya ukutani, akatazama rangi ya ganda, basi.

Kamusi aliyaona hayo yote. Moyoni kitu kilimchoma kidogo. Lakini papo hapo wenzake walimwita, "Kamusi, tupe jingine!" naye akawapa jingine, na ile hali ya kuchomwa ikapita.

Wiki hiyo hiyo ilikuja habari kubwa. Hospitali ilikuwa inatafuta bekari ya kupelekea wagonjwa mikate kila siku, na mpishi mkuu wake alisema ataanza kujaribu ya kwao. Mama aliipokea habari hiyo kwa kukaa chini. Tangu kiwanda kikubwa cha mikate kifunguliwe karibu na stendi, wateja walikuwa wanapungua, na jioni rafu hazikuwa zikibaki tupu kama zamani.

"Tukiipata hii tumepona," Mjomba alimwambia Mama wakila. "Tukiikosa, dada yangu, nitazima oveni nikaombe kazi kule kiwandani."

Kamusi aliacha kutafuna. Hakuwahi kufikiri kwamba oveni ile inaweza kuzimwa moja kwa moja.

Ijumaa asubuhi Mjomba alioka mikate ya hospitali. Ilikuwa mikubwa kuliko ya kila siku, ya kukatwa vipande, na oveni ilijaa mpaka mlangoni. Saa ilipotimia aliitoa. Ilipendeza kweli, rangi ya kahawia, inang'aa. Wanafunzi walikuwa dirishani kama kawaida yao. Mjomba alipitisha macho juu ya mikate, akaipanga kwenye kreti, ikaenda. Kamusi akaenda shule.

Aliporudi alikuta kreti zote zimerejeshwa. Juu ya meza palikuwa na mkate uliokatwa katikati, na ndani yake unga ulikuwa mbichi, umenata kwenye kisu. Mpishi mkuu wa hospitali, mwanamke mfupi mwenye kilemba cheupe, alikuwa amesimama mbele ya Mjomba.

"Fundi, wagonjwa wangu matumbo yao yana kesi tayari," alisema. "Mimi siwezi kuwafungulia nyingine."

"Nipe nafasi moja tu, dada," Mjomba alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake.

Yule mama aliutazama mkate, akamtazama Mjomba. "Kesho asubuhi. Ikija hivi tena, usinililie." Akaondoka.

Kisha Mama akachukua simu. "Ni oveni," alisema. "Imezeeka. Nampigia fundi aje aifungue."

"Akiifungua, mpaka Jumatatu haijawaka," Mjomba alimjibu. "Na mimi sidhani kama ni oveni. Nadhani ni mimi. Nimechoka. Huenda mikono imeshasahau kazi."

Kamusi alikuwa amesimama karibu na gunia la unga, mkoba wa shule bado begani. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemtaja wala kumtazama, na fundi angekuja, lawama zingebebeshwa oveni, ambayo haina mdomo wa kujitetea. Lakini alimwona Mjomba akiitazama mikono yake kama mali ya mtu mwingine, na hilo lilimshinda.

"Mama, usimpigie," alisema. "Oveni ni nzima."

"Wewe umejuaje?"

"Mjomba hakuigonga mikate leo. Wala jana. Ameacha kwa sababu yangu. Ni lile neno langu."

Mama akaishusha simu. "Kaka, ni kweli anachosema?"

Mjomba alichukua kitambaa akaanza kuifuta meza ambayo haikuwa na uchafu. "Mtu mzima na ndevu zangu, eti naona haya mbele ya watoto," alisema hatimaye. "Kila nikiinua kidole nasikia watu wanacheka. Nikaona bora nitumie saa na macho. Mikate midogo ilinistahi. Hii mikubwa imekataa."

"Kwani kuigonga kunasaidia nini?" Kamusi aliuliza.

Mjomba aligeuka kwa mshangao wa kweli. "Miaka yote hii hujui?"

"Sikuwahi kuuliza."

"Ukakipa jina kitu usichokijua," Mama alisema. Hakuinua sauti, lakini Kamusi aliinamisha kichwa.

Mjomba akachukua mkate mmojawapo wa zile kreti, akaupindua, akaugonga. Sauti ilizama, butu, kama mtu anayegonga gunia. Kisha akachukua mkate mdogo kutoka rafuni, wa asubuhi ile, akaugonga. Huo ulilia, ko ko ko, kama debe tupu. "Umesikia? Uliobaki mbichi ndani ni mzito, ukiugonga unanyamaza. Ulioiva una hewa, unakujibu. Rangi ya nje inadanganya, mwanangu. Macho yangu hayawezi kuingia ndani ya mkate. Sikio linaingia."

Machozi yalikuwa yameshaanza kumtoka Kamusi. "Nisamehe, Mjomba. Mimi nilitaka watu wacheke tu."

"Najua. Hata mimi nilicheka. Na lilipoanza kuniuma ningekwambia, lakini nikameza. Hilo kosa ni langu, usilichukue lote."

Mama hakuwa mwepesi hivyo. "Samahani haiivishi mkate," alisema. "Neno lako liko barabarani. Kesho utalifuata huko huko."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Kulipopambazuka Mjomba alikuwa ameshaukanda unga, ukaumuka, ukaingia motoni. Kamusi alikaa dirishani na mikate miwili mbele yake, mmoja mbichi wa jana na mmoja ulioiva. Haukupita muda wenzake wakafika kununua mkate wa chai, na nyuma yao alikuja fundi viatu.

"Mjomba, wenyewe wapo?" yule wa kubana pua alianza.

"Ngojeni kwanza," Kamusi alisema. "Mjomba anasikiliza."

"Anasikiliza nini? Redio?"

"Gonga huu. Haya, sasa gonga huu."

Yule wa kubana pua alicheka, akagonga. Akagonga tena. Kisha akaacha kucheka, akauinamishia sikio ule ulioiva, na wenzake wakaanza kusukumana kila mmoja akitaka zamu yake. Kamusi aliwaeleza yote: mikate iliyorudi, hospitali, na kwamba Mjomba aliacha kugonga kwa sababu ya kelele zao, na kelele hizo yeye ndiye aliyezianzisha. Hakuruka kitu. Fundi viatu aliurudisha mkate mezani taratibu.

"Kumbe!" alisema, akijikuna mvi. "Na mimi mzima na akili zangu nikawa naimba na watoto." Akapaza sauti kuelekea ndani, "Jirani, uniwie radhi! Gonga mikate yako!"

Ndani, Mjomba alikuwa ameigeuzia barabara uso, mkate mkononi, kidole juu. Aligonga mmoja mmoja, bila haraka, na dirisha zima likanyamaza. Mingine aliiweka kwenye kreti. Mikate kadhaa ya katikati ya oveni aliirudisha motoni, nayo ilikuwa na rangi nzuri kabisa kwa macho.

Kamusi alikwenda naye hospitalini, kila mmoja akishika upande wake wa kreti ya mwisho. Jikoni kulikuwa na masufuria makubwa kama mapipa na harufu ya sabuni. Mpishi mkuu hakuwasalimu kwa maneno mengi. Alichagua mkate kutoka chini kabisa, akaukata katikati, akaubonyeza kwa kidole gumba. Ulibonyea, ukarudi. Akaukata wa pili, kisha wa tatu.

"Kesho mlete kama hii," yule mama alisema, akimpa msaidizi wake kisu. "Na kesho kutwa. Na msichelewe, wagonjwa hula mapema."

Mjomba alimshukuru mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Walipotoka nje ya geti alisimama, akavuta pumzi ndefu, kisha akamgeukia mpwa wake.

"Maneno yako mazuri," alisema. "Usiache kutunga. Soksi ziitwe soksijane, wavivu wafanye unakujalala, tucheke sote. Lakini ukimwona mtu anafanya jambo usilolielewa, muulize kwanza analifanyia nini. Akishakueleza, kama bado linachekesha, cheka naye. Na siku utakayoona yeye ameacha kucheka, wewe ndiye wa kunyamaza, hata kama mtaa mzima bado unacheka."

"Nimesikia, Mjomba," Kamusi alisema.

"Haya, shika kreti. Unga wa kesho hautajikanda wenyewe."

Akashika upande wake, Mjomba akashika wake, wakarudi bekarini kuwasha oveni.