Mizunguko Kumi kwenye Penseli

Oddvar hakuwahi kuokota kitu bila kusema, "Huenda kikafaa." Kwa miaka ishirini alijaza banda lake la mashua vitasa, makopo na nyaya za kila aina. Mashua yenyewe ililala nje.

Mwaka huu mkewe, Gunvor, alichoka.

"Kesho ni Mei kumi na saba, sikukuu ya taifa," alisema huku akikoroga rojo la vafeli, ile mikate laini ya vyumbavyumba. "Watoto wakimaliza maandamano watakuja kula gatini. Nahitaji umeme wa vikaango viwili. Takataka zako zikinisaidia, zitabaki. Zisiponisaidia, keshokutwa jalalani. Zote, bwana, mpaka vitasa!"

Oddvar alikimbilia bandani, moyo ukimdunda kwa furaha. Hatimaye! Akatoka na kebo nyeusi, nene kama kidole gumba.

"Hii itabeba umeme wa kijiji kizima!"

"Umeiona ndani?" aliuliza jirani yao Borghild, fundi umeme mwenye leseni, aliyekuwa akipita na bendera begani. "Mtu aliyevaa makoti matatu utaujuaje unene wake?"

Akakata ncha na kuchuna plastiki. Ndani mlikuwa na waya mwembamba ajabu.

"Maskini, kakonda!" Gunvor akacheka.

Borghild akauzungusha ule waya kwenye penseli. "Mara kumi, mizunguko igusane. Haya, pima kwa rula."

"Milimita nane," Oddvar alisema.

"Gawa kwa kumi: 0.8. Huo ndio unene wake. Chukua nusu yake, 0.4, izidishe kwa 0.4, kisha kwa 3.14. Unapata nusu milimita ya mraba. Shaba ya hivyo hubeba kama ampea tatu tu."

"Na vikaango vyangu?" Gunvor aliuliza.

"Viwili ni wati 2,400. Gawa kwa volti 230: karibu ampea kumi na nusu. Kebo hii ingepata moto na kuyeyuka, watoto wakiwa palepale."

Oddvar aliisukuma kebo kando. Aliogopa, tena aliona aibu. Ghafla akaruka. "Ngojeni!"

Makopo yaligongana bandani. Akarudi na kebo ya kijivu, nyembamba kuliko ile ya kwanza. Safari hii alichuna na kuzungusha mwenyewe.

"Milimita kumi na nane! Unene 1.8! Nusu yake 0.9, mara 0.9, mara 3.14... Mbili na nusu!"

"Shaba ya hivyo hubeba ampea kumi na sita," Borghild alisema. "Lakini kebo ya zamani haiaminiki mpaka ikaguliwe."

Akaikagua yote, akaipima kwa mita yake ya umeme, akafunga plagi mwenyewe. "Mtaikunjua yote. Ikiachwa imeviringwa, hupata moto."

Kesho yake vafeli ziliiva mfululizo. Watoto walirudi mara tatu, jamu puani. Oddvar aliigusa kebo kila baada ya dakika tano. Ilikuwa baridi. Alitabasamu hadi mashavu yakamuuma.

Jioni Gunvor alikuja bandani. Aliitupa ile kebo nene kwenye pipa, naye Oddvar hakubisha. Kisha Gunvor akainama, akaokota kipande cha penseli, akakipuliza vumbi na kukitia katika mfuko wa vazi lake la sikukuu.

"Unakipeleka wapi hicho?" Oddvar aliuliza.

"Huenda kikafaa," alisema Gunvor.