Isale kwa Kosa Gani

Siku ya gulio Kiboriloni hapapitiki. Beatha alikuwa amefunga kanga kiunoni, akinadi masweta ya mitumba mpaka sauti imekauka, pale kijana mwenye shati la mifuko mingi alipoinama na kuchomoa sweta la kijani.

"Mangi, hilo la kike," Beatha alimwambia, akimwita kama Wachagga waitavyo wanaume. "Tena limekatika kifungo."

"Goma kuna baridi, dada. Baridi haiulizi."

Ndivyo alivyomjua Melkior, mwandishi wa jarida moja la Dar, aliyekuwa akitumwa kwenye vita vya nchi jirani ya Kongo. Beatha alimwambia aliache sweta, alifuate kesho likiwa limeshonwa. Kifungo cha kijani alikuwa nacho, lakini alishona chekundu. Alitaka kijana huyo aonekane kwamba ana mtu.

Wakapendana. Melkior akiwa safarini alipiga simu dukani kwa Kornel, pale pale sokoni, na Beatha aliongea ameugeukia ukuta ili wateja wasimwone anavyocheka.

Kisha jarida likatoka. Ukurasa wa kati kulikuwa na picha ya mwanamke mzuri, shingo ndefu, amekaa kwenye godoro. Amevaa sweta la kijani lenye kifungo chekundu.

Mektrida wa meza ya jirani alilishika jarida, akatazama, akasema sweta limepata mwenyewe. Beatha hakula siku ile. Aliikata ile picha, akaichana, kisha akaiunganisha tena aitazame vizuri ile shingo. Simu ilipolia, alimwomba Kornel aseme amehama.

Melkior aliporudi alikwenda moja kwa moja Pasua, alikopanga Beatha, akiwa na jani la isale mkononi. Kwetu Uchaggani anayekuletea isale anaomba msamaha, na isale haikataliwi. Beatha alilipokea. Jani lilipofika mkononi ndipo moyo ulipompasuka, maana asiye na kosa haleti isale.

"Kwa hiyo ni kweli," alisema. "Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Aliyevaa sweta langu."

Melkior alishangaa. Akaeleza kwamba yule mama alikuwa amejifungua njiani, mvua inanyesha, hana nguo kavu. Alivua sweta akampa. Mumewe ndiye aliyeshika taa wakati wa kupiga picha.

"Basi isale ya nini?"

Melkior aliinama. "Mhariri anataka nirudi Kongo wiki ijayo. Nimekubali. Nilikubali kabla sijakuuliza."

Beatha aliketi kizingitini. Wiki nzima alikuwa amejiandaa kupigana na shingo ndefu.

"Mwanamke ningemkabili," alisema. "Vita nitavikabilije, Melkior? Vikikuita unaitika haraka kuliko unavyoniitika mimi."

"Nichukue isale yangu niondoke?"

"Hairudishwi. Nimeshapokea, kwa hiyo nimeshasamehe, hata kama roho haitaki." Alilichomeka jani juu ya mlango. "Jumamosi unapanda mlimani Kilema kwa baba. Na safari hii usibebe jani. Beba mbege, pombe ya kuposea."

"Kabla ya Kongo?"

"Kabla. Kama ni kuvionea wivu vita, nivionee nikiwa mchumba wako, siyo muuza masweta."