Simu Iliyopokelewa Bombani

Walikutana kwenye bomba la sokoni, foleni ya ndoo imefika hadi vibanda vya nguo. Msichana alikuwa mpimaji wa maji: koti jeupe, buti za mpira, kitambaa cha bluu kichwani. Alikuwa anachoma mdomo wa bomba kwa moto, kuua vijidudu kabla ya kukinga sampuli. Sokoni walimwita Dada Chupa.

"Sasa bomba letu unalipika?" akauliza fundi cherehani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Nalisafisha. Sogea, unanipumulia kwenye chupa!"

Akasogea, akaomba namba yake ya simu. Jioni akampigia. Miezi minane baadaye fundi alikuwa haendi kulala bila kuambiwa "usiku mwema, mpenzi."

Wakati huo Dada Chupa alikuwa ameomba ufadhili wa kusomea shahada ya pili ya uhandisi wa maji, miaka miwili, ng'ambo. Nafasi moja. Alishakataliwa mara mbili. Safari hii wangemsaili kwa simu saa tano.

Siku yenyewe wafadhili wakapiga mapema, saa nne na nusu. Yuko bombani, glavu mikononi, moto unawaka, fundi kando yake.

"Nipokelee, mpenzi! Waambie dakika mbili tu!"

Fundi akajitenga na kelele. Baada ya muda akasikika akifoka: "Usipige tena namba hii!" Akaizima kabisa.

"Mwanaume gani sijui, anajidai anakusubiri kwa hamu," akasema. "Wivu ulinipanda."

Mtu mzima na akili zake! Simu ilipowashwa, ujumbe wa wafadhili ulikuwa umeshaingia: aliyepokea amewafukuza, nafasi imekwenda kwa mwingine. Dada Chupa alilia hadi sauti ikakauka, na kwa wiki tatu hakupokea simu ya fundi hata moja.

Wiki ya nne fundi akaja nyumbani, shati limenyooka, pete mkononi.

"Nisamehe, kipenzi. Tuoane. Mwakani utaomba tena ukitaka."

"Umenipotezea mwaka, unakuja na pete?"

"Nilikosea. Lakini nawe fikiria, mwaka wa kwanza hawaruhusu hata kurudi nyumbani kusalimia. Ungeweza kweli?"

 Fomu ya ufadhili Dada Chupa alikuwa ameisoma yote. Jambo hilo halikuandikwa popote.

"Nani kakuambia hawaruhusu?"

Fundi akaificha pete mfukoni.

"Walikuambia kwenye simu. Ulijua ni wao!"

"Niliogopa," fundi akasema, machozi yakimtoka. "Ungeenda, ungenisahau. Nakupenda mno."

"Mwongo mkubwa we! Wiki tatu nimejilaumu, eti nimekupa simu bila kukueleza vizuri!"

"Basi hunipendi tena?"

"Nakupenda, ndiyo maana nina hasira hivi. Ungekuwa mtu baki ningekusamehe leo hii." Akafungua mlango. "Toka. Nina fomu ya kujaza."